Picha Niliyoipeleka Ruiri

Kuna filamu moja ambayo kwa miaka kadhaa niliisifu kwa kila mtu aliyekubali kusimama kunisikiliza. Siku hizi nikiulizwa napenda filamu gani, nageuza mazungumzo. Filamu yenyewe haina kosa lolote. Jina lake silitaji kwa sababu nikilitaja masikio yananiwaka moto.

Ni hadithi ya familia mbili za Kiislamu zinazoishi ukuta kwa ukuta katika mji wa baridi huko ng'ambo. Baba wa familia ya kwanza ni mwoka mikate. Kijana wake anarubuniwa na watu wenye maneno matamu na nyuso ngumu, wanaomwambia kwamba dini ya baba yake imebaki kuoka mikate tu, hadi kijana anatoroka nyumbani kwenda kuishi nao. Familia ya pili ina binti anayefukuzwa kazi kwa sababu ya mtandio wake. Halafu asubuhi moja mwoka mikate anaamka na kukuta neno baya limeandikwa mlangoni pake kwa rangi nyekundu, na majirani aliowauzia mikate miaka yote wanapita wakiangalia viatu vyao. Mzee anabanwa pande zote mbili: wenye bunduki wanamwita msaliti, mtaa wake unamwita gaidi. Anakwenda kumtafuta mtoto wake mikono mitupu, na mwishowe anarudi naye. Asubuhi inayofuata wanawake wa mtaa wanatoka na ndoo na brashi, wanauosha ule mlango bila kusema neno. Hapo ndipo picha inapoisha.

Zile ndoo zikitokea tu, mimi nalia. Ninafundisha shule ya sekondari karibu na Runyenjes, kule Embu, na mwalimu mwenzangu ndiye aliyeniwekea filamu hiyo kwenye flashi. Niliitazama peke yangu, nikaitazama na wageni, nikaitazama likizo nikiwa na mafua. Kila nikimaliza kulia nilijisikia nimefanya kazi, kama mtu aliyetoka kupalilia kahawa. Nilikunywa chai yangu nikiwa mtu mwema.

Kwetu ni Ruiri, upande wa Buuri, pale ambapo mashamba yanaanza kupungua na mifugo kuongezeka, na barabara ikiteremka unaiona nchi ya Isiolo imelala kule chini. Jirani yetu wa upande wa barabarani ana bucha. Ni Mwislamu, na katika majirani wa karibu ni familia yake pekee ndiyo ya Kiislamu. Mama yake alikuwa Mmeru, baba yake mtu wa Isiolo, na Kimeru chake kimenyooka kuliko changu mimi niliyezeeka na chaki mkononi.

Kwa kuwa wanunuzi wa ng'ombe kutoka Isiolo hawakosekani kwenye shughuli zetu, ilizoeleka tangu nikiwa mdogo kwamba mbuzi wa harusi, wa ruracio ya kupokea mahari, au wa kumshukuru Mungu kwa mtoto aliyefaulu mtihani, achinjwe na huyu mzee ili kila mgeni apate kula. Ilianza kama adabu kwa wageni. Baadaye ikawa desturi tu, hata pale ambapo hapakuwa na mgeni Mwislamu hata mmoja. Sherehe bila kisu chake tuliiona kama chai isiyo na sukari. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumwalika. Akisikia kuna shughuli, alifika mapema, kisu kimeviringishwa kwenye kipande cha gunia la unga, akaomba maji, akamlaza mbuzi kichwa kikielekea upande wa Isiolo, ndiko kibla, akasema maneno yake, na kazi ikaisha.

"Bismillahi, Allahu Akbar."

Sisi watoto tuliyajua maneno hayo kabla hatujaijua vizuri Sala ya Bwana, na kusema kweli tuliyapenda zaidi, kwa sababu baada yake yalikuja maini. Haki ya mzee ilikuwa kipande cha shingo na kiti kando ya baba yangu. Walinunua mafahali pamoja, wakadanganywa sokoni pamoja, wakacheka pamoja. Baba alipofariki, mzee aliendelea kuja na kuketi kwenye kiti chake, kando ya kile kilichobaki kitupu. Hakuna mtu aliyewahi kumwita Mwislamu. Aliitwa mwenye bucha, au rafiki ya marehemu.

Basi kanisa letu likaandaa siku ya familia, na mchungaji akaulizia nani ana kitu cha maana cha kuonyesha kwenye projekta. Nilijitolea kabla hajamaliza kusema. Nilijiona nikiwaletea watu wangu mwanga. Eti Ruiri walihitaji mwanga, na mimi ndiye niliyetumwa nao kutoka Runyenjes.

Nilikwenda buchani mwenyewe kumwalika.

"Mzee, Jumapili kutakuwa na picha pale holi ya kanisa," nikamwambia. "Ni ya Waislamu. Nataka ukuje ukae mbele."

"Ya Waislamu? Wanafanya nini?"

"Inaonyesha vile nyinyi si watu wabaya."

Alikuwa akikata mbavu. Akasimamisha shoka hewani kidogo, akaniangalia.

"Kwani kuna mtu amesema?"

Nikacheka, nikamwambia hapana, ni vile dunia ilivyo siku hizi, si anaona mambo kwenye taarifa. Mtu mwenye akili angesikia lile swali na kurudi nyumbani akaizika ile flashi kwenye shimo la mbolea. Mimi nilisikia nafasi ya kuonyesha upendo. Mzee akashusha shoka.

"Na hiyo mbuzi ya Jumapili, si ni mimi nachinja?"

"Ni wewe, mzee. Nani mwingine?"

Akachinja. Baada ya ibada tulikula, tukashiba, akina mama wakafunga mapazia ya holi, nami nikasimama mbele na kipaza sauti. Nilimwomba mzee ainuke. Nikasema, "Leo tuko na ndugu yetu Mwislamu," na watu wakapiga makofi. Mzee aliinuka nusu, kama mtu aliyeitwa jina kortini, akaketi. Nilidhani ni haya. Sasa najua kwamba mpaka dakika ile alikuwa ameketi mahali hapo kama jirani, na mimi ndiye niliyemhamisha.

Picha ikaanza. Watu waliipenda. Walimcheka mwoka mikate alipounguza mikate, wakamhurumia binti wa mtandio, na mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti kuwa hata yeye angemchapa huyo mwajiri. Nilikuwa nimetulia tuli, nikisubiri ndoo zangu.

Kisha tukafika kambini. Kuna sehemu ambayo kiongozi wa wale wenye bunduki anawaapisha vijana wapya. Analetewa kondoo. Anachomoa kisu, anamlaza, anatamka kwa sauti nzito, "Bismillahi, Allahu Akbar," anachinja. Halafu anamwinulia mtoto wa mwoka mikate kile kisu chenye damu na kumwambia kwamba kesho hatachinjwa kondoo.

Nilikuwa nimeiona filamu hiyo mara nyingi mno, na naapa sikuwahi kuyasikia maneno yale. Nikiwa peke yangu Runyenjes yalipita tu, kama kelele za nyuma, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanakimbilia kwenye kilio cha mwisho. Siku ile niliyasikia kwa masikio ya holi nzima. Mtoto mmoja mdogo, ambaye maishani mwake maneno hayo yalikuwa na maana moja tu, alipiga kelele kwa furaha, "Nyama!" Mama yake akamziba mdomo. Hakuna aliyecheka. Vichwa vikaanza kugeuka, safu kwa safu, kumwangalia mzee wa kiti cha mbele, na nyama tuliyokuwa tumekula ilikuwa bado imetukwama menoni.

Mzee aliendelea kuangalia mbele. Muda mfupi baadaye saa ya sala yake ya alasiri ikafika, akainuka taratibu asitusumbue, akatoka kama alivyotoka kila mara kwenye kila sherehe tangu nimjue. Mlango ulipofunguka mwanga ukaingia, na kila mtu akamwona anavyotoka.

"Ameudhika," mtu akanong'ona.

"Ama anaenda kuwapigia wenzake simu," mwingine akasema, na wachache wakaguna.

Hakurudi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alipita buchani akakuta wateja, lakini wakati ule sikumfuata hata kumwuliza. Ndoo zangu zilikuwa zinakaribia.

Na watu walilia! Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Wanawake walipotoka na brashi kwenda kuosha mlango wa yule mwoka mikate, holi nzima ililia. Mwenyekiti wa akina mama alinikumbatia akaniloanisha bega. "Mwalimu, umetufungua macho," akasema. Nikavimba kichwa. Nilirudi Runyenjes nikiwa nimeridhika, na kwenye ofisi ya walimu nikasimulia jinsi kijiji changu kilivyoguswa.

Mambo yalianza polepole, na hakuna hata moja ambalo ungeweza kulishika mkononi ukasema hili hapa. Mama alinitajia kwenye simu kwamba katika harusi ya jirani wa juu mbuzi walichinjwa na vijana wa pale nyumbani. Nikauliza kwa nini, akasema vijana walitaka kujifunza. Mwezi uliofuata ikawa ubatizo. Kisha kikundi cha akina mama kikaanza kununua nyama kwenye bucha ile nyingine ya kule stendi, ambayo miaka yote walikuwa wakiisema ina mizani ya uongo. Nilipokwenda nyumbani nilikutana na yule mwenyekiti njiani, nikamwuliza.

"Si ati tunamchukia, mwalimu," akasema. "Huyo mzee ni mtu ya watu. Ni vile tu hatujui. Ile maneno anasemanga, kwani ni nini haswa?"

"Ni jina la Mungu tu. Anaomba kama vile wewe unaombea chakula."

"Ehe," akasema. "Hata yule wa kwa picha alikuwa anaomba."

Nikamuaga, nikashika njia yangu. Hakuna aliyemtukana mzee. Hakuna aliyeandika neno mlangoni pake. Watu wa kwetu hatuna ujeuri huo. Sisi tunajua kunyamaza na kupitia njia ya upande wa pili. Nilipokuwa nikipita buchani, mzee alinisalimu kwa Kimeru kama kawaida, "Muga, mwalimu," nami nikaitikia, "Muga," nikitembea haraka kama mwenye haraka. Ndoano zake zilikuwa na nyama mpaka jioni. Nilijiambia yatapita.

Kisha dada yangu mdogo akaposwa na kijana wa Embu, na ruracio ikapangwa nyumbani kwetu. Siku moja kabla wageni hawajaja, tulikuwa jikoni mimi na Mama tukimenya viazi vya kuponda mukimo. Nikamwuliza kama mzee anajua ni kesho.

"Ajue ya nini?" Mama akasema. "Mbuzi atachinjwa na binamu yako."

"Mama!"

"Wageni ni watu wa Embu. Hawajazoea mambo ya huku."

"Mimi naishi huko, Mama. Wanakula nyama iliyochinjwa na Waislamu na wanaongeza sahani."

Mama yangu si mtu wa kupandisha sauti. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono, akanijibu kwa Kimeru, pole pole, kama anayemweleza mtoto.

"Miaka yote hiyo niliyasikia yale maneno yake kama mtu anayesikia jogoo. Ni ya asubuhi, ni ya sherehe, basi. Wewe ndiye ulinionyesha yule mtu wa bunduki. Sasa nikiyasikia ninamwona. Sitaki kumwona siku ya mtoto wangu. Kama unajua namna ya kuyarudisha macho yangu yalivyokuwa, yarudishe."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Ningeweza kumkumbusha kile kiti kando ya kiti cha Baba. Ningeweza kumwambia kwamba hata yule mwoka mikate aliyemliza alikuwa akisema maneno yaleyale kabla ya kuoka, ila hakuna aliyemsikia, hata mimi. Ningeweza kuweka kisu changu chini na kusema kama mzee hachinji, mimi simenyi. Nilisema, "Sawa, Mama," nikachukua kiazi kingine. Na nikajidanganya kwamba kuna mtu atakayemwambia mzee asije. Nani huyo, sikujiuliza.

Asubuhi binamu yangu alimchinja mbuzi mapema, vibaya, kwa kelele, mbuzi akihangaika na sisi sote tukiangalia pembeni. Alimchinjia mahali palepale, kando ya tangi la maji. Damu ilikuwa bado haijamwagiwa majivu nilipomwona mzee anaingia langoni. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe na kofia safi, na kwapani ameshika kile kifurushi cha gunia la unga.

Mimi ndiye niliyekuwa uani. Wengine wote, kwa maajabu ya Mungu, walipata kazi ndani ya nyumba.

Alisimama. Akaangalia tangi, akaangalia ardhi, akaangalia ngozi iliyokuwa tayari imetandazwa juu ya ua. Yeye ni mchinjaji, hakuna alichohitaji kuelezwa.

"Mmeanza mapema," akasema.

"Ndio, mzee. Wageni wanatoka mbali. Embu."

"Embu, ee." Akakubali kwa kichwa. "Ni vizuri. Mbuzi isicheleweshwe."

Akakitoa kile kifurushi kwapani na kukisukumia ndani ya koti, akafunga vifungo juu yake, ingawa jua lilikuwa limeanza kuchoma. Nilitamani ardhi inimeze. Nilitamani anitukane kidogo tu, nipate la kushika. Aliulizia kiti.

Nikamletea. Nilikiweka pale pale pa siku zote kwa sababu sikujua pa kukiweka kwingine. Wageni wa Embu wakaja, wakaimbiwa langoni, wakaingia. Ndugu zetu wakatambulishwa mmoja mmoja, majirani wakatambulishwa kwa jumla. Nyama ilipopita, mzee aliipitisha kwa mtu wa pili bila kugusa sahani, akitabasamu. Miaka yote nyumbani kwetu alikula alichokichinja mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuketi kwenye shughuli yetu bila kuweza kula. Mkwe mmoja mzee akamtania, "Wewe hauli nyama, meno yameisha?" Mzee akamjibu kwamba daktari amemkataza. Wote wakacheka. Alikuwa anatufichia aibu yetu mbele ya wageni wetu.

Nilimpelekea chai na ndizi mbivu. Niliinama kumwekea kikombe, akanishika mkono.

"Mwalimu, kuna kitu nataka kukuuliza. Nimekuwa nikisahau."

Nikafikiri sasa imefika, na nikawa karibu kufurahi.

"Ile picha yako," akasema. "Mimi nilitoka kabla haijaisha. Yule mzee wa mikate, alimpata mtoto?"

"Alimpata, mzee. Alirudi naye nyumbani."

"Na ule mlango wake, wenye waliandika?"

Nilikuwa nimewasimulia watu sehemu ile mara nyingi, na kila mara kwa mikono na kwa machozi. Sasa maneno yalitoka kwa shida, moja moja. Nikamwambia kwamba asubuhi majirani walikuja, wanawake, na ndoo, na brashi, wakauosha.

"Walikuja wenyewe? Bila kuitwa?"

"Bila kuitwa."

Mzee akakizungusha kikombe. Mbele yetu vijana walikuwa wakigawa mzunguko wa pili wa nyama.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani iliisha vibaya. Nilienda nikamwambia mama watoto ile picha ni mbaya, mwisho majirani wanamwacha mzee wa watu hivyo." Akanywa chai yake yote, akainuka, akabonyeza koti ubavuni kuhakikisha kisu kiko. "Nitamwambia walikuja."

Nilimsindikiza mpaka langoni. Nilitaka kumwambia kitu, na mdomo ulikuwa wazi kabisa, lakini Mama aliniita kutoka jikoni, wakwe wanaomba supu. Mzee akaniambia niende, wageni wasingojee. Nikaenda, nikapakua.